Boksi mbili zilikufa, moja ikabaki: kisa cha balkoni ya South B

Mwisho wa mwezi wa tano nilipigiwa simu na mteja wangu wa South B hapa Nairobi, mwalimu mstaafu, mama wa sitini na kitu, mtu hana haraka ya maneno. Siku hio hakuuliza hata habari za watoto. Alisema tu, "Kijana, njoo uone maua yako." Hapo kwa "yako" ndio nilijua kuna shida, juu maua yakichanua huwa ni yake, yakianza kufa yanarudi kuwa ya fundi.

Niseme mapema ndio msianze kutafuta mchawi: kazi hii ya kupanda maua kwa boksi za balkoni niliifanya mimi, kwa mikono yangu, wiki ya kwanza ya mwezi wa tatu. Nyumba iko ghorofa ya nne, hakuna lifti, balkoni inaangalia kaskazini. Kulikuwa na boksi tatu ndefu za faiba, kila moja urefu mita moja, upana sentimita 35 na kimo 35, halafu poti mbili za duara za kufinyangwa. Kila boksi nilipanda vitu vilevile: rozmari moja, jeranium nne, na tradeskantia mbili zile za zambarau za kuning'inia. Udongo mmoja, siku moja, fundi mmoja. Sasa miezi mitatu haijaisha boksi mbili zimekwisha na ya tatu inachanua kama haina habari. Zingekufa zote tatu ningesema ni mvua ya masika nikajiendea zangu, na hamngesoma hii.

Nilipofika mwalimu akanipa chai kwanza, akanyamaza, akaniacha niangalie. Jeranium majani ya chini yamekuwa manjano, na shina pale linapoingia udongoni limekuwa jeusi, ukilibonyeza linabonyea kama ndizi iliyokaa sana. Rozmari imekuwa kijivu, ukiigusa tu inapukutika. Lakini tradeskantia ilikuwa hai. Si hai ya kujikokota, ilikuwa imenona kabisa, kwa boksi zote tatu. Niliiona nikaipuuza, nikaja kuikumbuka baadaye nikajikasirikia.

Mshukiwa wa kwanza kichwani ilikuwa mbolea. Nilikuwa nimetia DAP konzi moja kwa kila boksi siku ya kupanda, na mkono ukizidi DAP inaunguza mizizi vizuri sana. Lakini boksi ya tatu ilikula konzi ileile. Mshukiwa wa pili mvua: balkoni ina slabu juu, mvua inaingia tu ikisukumwa na upepo, na boksi zimepangwa mstari mmoja, hakuna vile upepo ungechagua mbili uache moja. Wadudu, hakuna. Mwalimu mwenyewe kumwagilia kupita kiasi? Nilimuuliza kwa adabu, akaniangalia kama mtoto aliyesahau homuweki, akasema anamwagilia kila Jumatano na Jumamosi, jagi mbili za lita mbili kila boksi, ameandika kwa daftari. Na ameandika kweli, nimeiona.

Ikabaki matundu ya chini. Nikalala kwa sakafu nikasukuma waya kwa kila tundu, ikapita. Nikamwaga lita tano juu ya boksi iliyokufa, dakika kidogo maji yakaanza kutoka chini safi kabisa. Hapo nilikwama, na najua mafundi wengi hukwama hapahapa, juu ukiona maji yanatoka unasema hii haina shida ya maji. Kumbe boksi iliyoshiba inatoa maji kuliko hata ile nyingine: unachomwaga juu kinasukuma kilichokuwa chini, lita tano zinaingia, lita tano zinatoka, na mizizi iko palepale imezama.

Nikaamua kupasua. Nikatandika gunia, nikaanza kuchota udongo kwa mwiko wa mjengo, pole pole, kutoka juu. Sentimita kama 10 za kwanza udongo ulikuwa mzuri, una unyevu wa kawaida, na mizizi ya tradeskantia imejaa humo, myeupe, inatambaa kwa juu tu kama nyasi. Chini ya hapo rangi ikabadilika. Udongo mweusi ukawa na ubluu fulani, unang'aa, na harufu ikapanda, ile ya mtaro uliokaa, karibu na yai viza. Mizizi ya jeranium ilikuwa kahawia, na ukivuta mmoja kwa vidole ngozi inavuka kama soksi, unabaki na kauzi kembamba katikati. Mzizi ukivuka hivyo ujue umeoza, haurudi.

Halafu nikafika kwa shedineti niliyotandika, ule wavu wa kivuli, nikaiinua, chini yake kuna sentimita 10 za balasti, yaani kokoto za kujengea. Balasti niliyoweka "maji yapite". Nikachukua mawe matatu mkononi. Yalikuwa na umande kidogo tu, mkono haukulowa. Yaani juu ya neti ni matope, chini ya neti karibu kukavu. Nikakaa kwa gunia nikiangalia yale mawe muda mrefu kidogo.

Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Akanyoosha kidole kwa boksi ya tatu akaniuliza, "Na hii si ndiyo ulisema ina kasoro?"

Wacha niwaambie hio kasoro. Siku ile ya mwezi wa tatu niliagiza gunia tatu za balasti, boda akaleta mbili. Ilikuwa inaelekea jioni, wingu limetanda, na sikuwa na nguvu ya kushuka ghorofa nne kumtafuta. Nikamwambia kijana wangu wa kunisaidia ajaze boksi ya mwisho udongo mtupu mpaka juu, na kabla niondoke nikamwomba mwalimu msamaha, nikamwambia hii ya tatu haina mawe, itamsumbua masika ikifika, nitarudi niirekebishe. Sikurudi. Na ndio hio imebaki hai, ile ambayo nilikosa nafasi ya kuiharibu.

Sasa mimi mawe chini ya poti nilifundishwa na watu waliofundishwa na wengine, na kila mtu Nairobi anaweka, kama si balasti ni vigae vya chungu kilichovunjika, kama si vigae ni vifuniko vya soda. Inaonekana ina akili: mawe yana nafasi, maji yatakimbilia kwa nafasi. Shida ni kwamba maji hayaendi hivyo. Udongo una vitundu vidogo sana vinavyoshika maji kama tambi ya stovu inavyoshika mafuta taa, na maji yaliyoshikwa na kitundu kidogo hayaachii kuingia kwa kitundu kikubwa mpaka pale udongo wa juu yake umelowa kabisa, umejaa, hauwezi kushika zaidi. Ndio yanadondoka. Kwa hivyo juu ya mawe lazima kuwe na tabaka la udongo uliojaa maji, kila ukimwagilia, hata uweke mawe ya futi nzima. Mawe hayaondoi lile tabaka, yanalipandisha tu karibu na mizizi.

Nilimwonyesha mwalimu kwa sponji ya kuosha vyombo. Unaichovya mpaka ishibe, unaishika ikiwa imelala, unangoja iache kudondoka. Halafu bila kuifinya unaisimamisha wima. Inaanza kudondoka tena! Sponji ni ileile, maji ni yaleyale, kilichobadilika ni urefu wa kutoka juu mpaka chini. Ikisimama, maji ya juu yana njia ndefu ya kushukia na sehemu inayobaki imejaa ni kipande cha chini tu. Ikilala, karibu yote imejaa. Mwalimu alichukua sponji akarudia mwenyewe mara tatu akihesabu matone kwa sauti, halafu akasema hivi ndivyo ilitakiwa kufundishwa darasa la sita.

Nyumbani nilifanya ingine ya kujiridhisha. Chupa mbili za soda za lita mbili, nimezikata shingo, nikatoboa chini, moja ina balasti theluthi moja na udongo juu, ingine udongo tu. Nikamwagilia zote, nikaziacha usiku mzima. Asubuhi ukiangalia kwa plastiki unaona mstari wazi kabisa: juu udongo umefifia, chini umeiva weusi unaong'aa. Ile sehemu ya kung'aa ilikuwa karibu unene uleule kwa chupa zote mbili. Tofauti ni kwamba kwa chupa moja imekaa chini kabisa, kwa ingine imekaa katikati ya chupa juu ya mawe, na juu yake pamebaki kipande kidogo tu cha udongo wa kupumua.

Turudi kwa boksi tufanye hesabu. Kimo sentimita 35. Toa 10 za balasti, toa tatu ambazo udongo ulijishusha baada ya kumwagiliwa, unabaki na 22. Kwa udongo ule, zilizojaa maji zilikuwa kama 12. Mizizi ikabaki na 10 za kuishi, ambazo tradeskantia inatosheka nazo juu mizizi yake ni ya juujuu na unyevu haiusumbui, lakini jeranium na rozmari hapana. Boksi ya tatu nilipima kwa mti wa mopu, mwalimu akauchora mistari kwa chaki, tukauchomeka mpaka chini tukauchomoa. Matope yalianza kushika kuanzia sentimita 18. Kumi na nane za hewa dhidi ya kumi. Hio ndio tofauti yote ya hai na maiti kwa hii balkoni.

Lakini nisije nikabebesha mawe lawama yote. Udongo wenyewe ulikuwa mbaya na niliununua mimi. Sisi Nairobi kila kitu tunaita mchanga, mchanga wa kujengea ni mchanga, wa kupanda ni mchanga, kwa hivyo ukienda kwa nasari za barabarani ukaomba "mchanga mweusi wa maua" unapewa kitu cheusi kimechekechwa kimechanganywa na samadi kinapendeza macho. Huu wangu ulikuwa ule mfinyanzi mweusi wa upande wetu wa chini, South B, South C, Embakasi kuelekea Athi River, ule unaopasuka nyufa za kuingiza mkono kiangazi na mvua ikinyesha unafura unashika viatu. Upande wa Kiambu, Kikuyu na Karen udongo ni mwekundu, nao una ufinyanzi lakini una chembe zinazoshikana vizuri na maji yanapita. Kujua ni rahisi na ningelijua mwezi wa tatu kama ningejisumbua: unalowesha konzi moja, unaifinya katikati ya kidole gumba na cha shahada iteleze ikiwa utepe. Udongo wa kuchanganyika vizuri unakatika mapema. Wangu ulitoa utepe mrefu kuliko kidole changu na haujakatika, ungeweza kufinyanga kikombe.

Kuna watu watasema mimi huweka mawe na maua yangu yako sawa. Naamini. Poti ikiwa ndefu na mchanganyiko ukiwa wa chembe kubwa, lile tabaka la maji linakuwa jembamba na mmea unavumilia. Na mawe yana kazi moja ya halali, kuzuia poti nyepesi isiangushwe na upepo. Mimi bado nayaweka kwa hio sababu tu. Lakini ukiunganisha mfinyanzi, boksi fupi, mawe na masika, umemaliza.

Ukarabati tuliufanya wiki ya mwisho ya mwezi wa sita. Kubeba udongo mbovu na balasti ghorofa nne chini ni kitu sitaki kukizungumzia. Matundu niliyapanua kwa drili yakawa ya kuingia kidole cha mwisho, juu yake nikaweka kipande cha wavu wa dirisha kuzuia mchanganyiko usitoke, basi, hakuna kingine chini. Mchanganyiko kwa kila boksi ulikuwa debe mbili za pamisi, debe mbili za kokopiti na debe moja ya samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka hainuki tena. Lita mia kwa jumla.

Pamisi ni yale mawe mepesi ya volkano ya upande wa Naivasha na Longonot, mepesi mpaka yanaelea majini, na yana vitundu ndani kwa hivyo yanashika maji kidogo na hewa nyingi. Usiyamwage yalivyo. Gunia linakuja na vumbi jingi, na vumbi likiingia linaziba nafasi zilezile ulizolipia, kwa hivyo chekecha, osha, baki na punje za ukubwa wa maharagwe. Kokopiti nayo inatoka kwa makumbi ya nazi, na makumbi hubeba chumvi. Tofali la kilo tano ukililoweka linafura linakuwa lita 60 na kitu, na maji ya kwanza yanatoka kahawia kama chai ya rangi. Mimi nilisuuza mara tatu kwa beseni. Kijana wangu alisema tunapoteza muda, nikamwambia aonje hayo maji, akakataa.

Halafu kuna kitu hakisemwi vya kutosha: ule udongo unaokuja na mmea kutoka nasari. Miche hapa inauzwa kwa tyubu nyeusi za plastiki zilizojazwa udongo mzito. Ukitoa tyubu ukapanda hilo bonge zima kwa mchanganyiko mwepesi, bonge linabaki kisiwa, likilowa halikauki, likikauka maji yanalizunguka bila kuingia. Safari hii nililoweka kila jeranium kwa ndoo, nikatikisa mpaka nusu ya udongo ikatoka, nikanyoosha mizizi iliyojizungusha, ndio nikapanda. Zilinyong'onyea siku nne tano hivi, mwalimu akawa na wasiwasi, halafu zikasimama. Na nikaacha vidole vitatu kutoka ukingoni ili maji yapate pa kutulia kabla ya kuzama, mwezi wa tatu nilikuwa nimejaza mpaka pomoni na kila akimwagilia nusu inaruka ukingo na udongo nayo.

Sasa mpangilio, na hapa pia nilikuwa nimekosea, kosa la aibu zaidi. Mara ya kwanza nilipanga boksi za kuonekana kutoka barabarani. Rozmari ndefu upande wa nyumba, jeranium katikati, tradeskantia inamwagika nje ya reli kama hoteli. Nikapiga picha kutoka chini nikafurahi. Lakini mwalimu hakai barabarani, anakaa kwa kiti chake ndani ya sebule karibu na mlango wa kioo, na kutoka hapo miezi mitatu alikuwa anaangalia mgongo wa rozmari. Hakusema hata siku moja. Niligundua juu siku ya kupasua nilikaa kwa hicho kiti kunywa chai.

Ukigeuza tu, virefu viende kwa reli, unapata shida ingine, jua. Balkoni inaangalia kaskazini, na mambo mengi ya bustani tunayosoma kwa simu yameandikwa na watu wa Uingereza, kwao upande wa jua ni kusini mwaka mzima. Sisi tuko digrii moja na kitu tu chini ya ikweta. Jua letu la mchana liko upande wa kaskazini kuanzia katikati ya mwezi wa tatu mpaka mwisho wa mwezi wa tisa, halafu linahamia kusini. Kwa balkoni hii ina maana nusu mwaka jua linaingia na nusu mwaka slabu inalifunika, adhuhuri hakuna hata mstari. Nilipomweleza mwalimu hakuniamini moja kwa moja, akatoa chaki. Kila Jumapili saa sita na nusu, kama wingu la Julai limemruhusu, alikuwa anachora kwa sakafu pale kivuli cha slabu kinapoishia, anaandika tarehe pembeni. Katikati ya mwezi wa saba jua lilikuwa limeingia zaidi ya mita moja kutoka kwa reli. Mistari ikaanza kurudi nyuma, Agosti, Septemba, kama ngazi, na wiki ya mwisho ya Septemba ule wa mwisho uligusana na reli yenyewe. Alipiga picha akamtumia mjukuu.

Hio hesabu ya jua ndio ilipanga zile boksi mbili mpya. Virefu tuliviweka ncha mbili za kila boksi, sansevieria, ile ya majani marefu yanayosimama wima, ili visizibe jua wala macho. Katikati jeranium tatu badala ya nne, zimeachana upana wa kiganja, zitajaza zenyewe. Tradeskantia zikahamia upande wa ndani zinamwagikia sebuleni, zilezile zilizonusurika, sikununua zingine. Rozmari mpya haikurudi kwa boksi kabisa, ina kiu yake tofauti na haiwezi kuvumilia miezi sita ya kivuli, kwa hivyo imepata poti yake ya udongo, Oktoba inabebwa inapelekwa dirisha la jikoni linaloangalia mashariki. Nikiri pia jeranium nazo zitapunguza maua kwa kivuli cha Novemba mpaka Februari, nilimwambia mapema, akasema hata yeye hapendezi mwaka mzima.

Zile poti mbili za duara nilikuwa nimezisahau kidogo. Moja ina drasena, ingine ile ya majani membamba yenye mistari ambayo watu huita spaida planti. Zote mbili ncha za majani zilikuwa zimekauka kahawia, kama zimechomwa na kiberiti, na mwanzoni nilitaka kuziunganisha na kesi ya maji mengi. Lakini mizizi nilipoangalia ilikuwa myeupe mizuri. Maji ya jengo hilo ni ya borehole siku nyingi za wiki, na maji ya visima virefu vya Nairobi yanajulikana kwa floraidi, ndio hio hio inaharibu meno ya watoto. Hii mimea miwili ni kati ya ile inayoumizwa na floraidi, inajikusanya kwa ncha za majani na hapo ndipo panakufa kwanza. Dawa ilikuwa rahisi: siku maji ya kaunti yanakuja mwalimu anajaza mtungi mmoja wa lita 20 wa hizo poti tu. Ncha zilizokauka hazirudi kuwa kijani, tulikata kwa makasi, majani mapya mpaka sasa yametoka safi.

Mambo mengine madogo. Uzito: boksi ya udongo uliolowa na mawe nilikadiria inapita kilo 180, hii mpya iko karibu mia ikiwa imelowa, na sakafu za nyumba za kuishi kwa kawaida hupigiwa hesabu ya mzigo wa kilo 150 hivi kwa mita mraba, kwa hivyo tatu za aina ile ya kwanza kwa balkoni moja si kitu cha kufanyia mchezo. Jirani wa chini alilalamika maji yanadondokea nguo zake, keateka akaja na sura ya kesi, tukamaliza kwa kuunganisha kipande cha paipu kwa mdomo wa balkoni kikaelekezwa kwa mfereji wa ukuta, na mwalimu akahamisha kumwagilia jioni nguo zikiwa zimeanuliwa. Mchanganyiko mpya hauna chakula kingi, kwa hivyo kila wiki mbili anatia NPK ya 17-17-17, kijiko kimoja cha chai kwa lita kumi za maji. DAP nimeacha kuweka kwa poti.

Gharama nilibeba nusu. Angeweza kunidai yote na ningelipa.

Sasa ni Novemba, mvua ya vuli imeshika, na boksi mbili mpya zimepita wiki tatu za maji bila jani la manjano isipokuwa jeranium moja ya pembeni, ambayo nadhani bonge lake sikuliosha vya kutosha. Ile ya tatu, ya kasoro, bado ina mfinyanzi wake na jeranium zake nne za Machi. Nilitaka kuibadilisha pamoja na zingine, mwalimu akakataa. Alisema iachwe mpaka masika ijayo tuone. Ameuweka ule mti wa mopu nyuma ya mlango, na mistari yake ya chaki, na kila nikienda kabla ya chai tunauchomeka. Mara ya mwisho matope yalianza sentimita 16.